Subira Ina Bei Yake

Kila Jumamosi huwa kuna soko la vyungu Lyulilo, mwendo mfupi wa miguu kutoka Matema, wilayani Kyela. Vyungu hutoka Ikombe, kijiji cha Wakisi kilichobanwa kati ya Milima ya Livingstone na Ziwa Nyasa, na huletwa kwa mitumbwi. Wanaovifinyanga ni wanawake, nao walijifunza kwa kukaa karibu na mama na bibi zao. Wachuuzi huvinunua kwa jumla na kuvipeleka Kyela, Tukuyu na Mbeya mjini. Mfinyanzi wa Ikombe anajua udongo upi unafaa na upi una mchanga, kuni zimepanda kiasi gani, nafasi kwenye mtumbwi ni shilingi ngapi, na mchuuzi yupi hulalamika kila wiki lakini hununua kila wiki. Anajua pia kwamba chungu kilichofinyangwa leo hakichomwi leo. Hukaa kivulini hadi maji yatoke taratibu. Kikiwahishwa motoni hupasuka, na kazi yote ya siku zile hupotea nacho.

Miradi mingi ya vijana huja vijijini ikiwa imeshaamua jambo ambalo soko hilo linalikanusha: kwamba kijana wa huku amekosa fikra za kibiashara, na akizipata maisha yatanyooka. Semina inayotokana na uamuzi huo tunaifahamu. Ni ukumbi wa kanisa au wa halmashauri, karatasi kubwa ukutani, kalamu za rangi nne na chai saa nne. Mada ni kujitambua, fikra chanya, mpango wa biashara, masoko na kutunza kumbukumbu. Mwishoni kuna cheti, fulana yenye nembo ya mfadhili na picha ya pamoja. Si mada mbaya hizo. Kutunza kumbukumbu, kwa mfano, ni somo ambalo kwa mujibu wa ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) hata baadhi ya halmashauri zingefaidika nalo. Swali ni kijana anaondoka ukumbini na nini zaidi ya fulana.

Hoja yangu ni kwamba umaskini wa kijana wa ufukwe huu wa kaskazini wa Ziwa Nyasa uko zaidi katika kushindwa kusubiri. Ujanja anao, na anajua hatua inayofuata ya kumwongezea kipato. Ila hatua hiyo inachukua wiki mbili, au msimu mmoja, au miaka mitatu, na yeye anatakiwa kula jioni hii. Asasi inayotaka kumsaidia kwa dhati itambue kwamba bidhaa yake kuu ni muda, na kwamba muda una bei.

Tuiangalie kakao, maana Kyela ndiyo wilaya inayosifika kwa zao hilo nchini. Tunda likipasuliwa, mbegu hutoka zikiwa na utando mweupe mtamu. Huvundikwa kwenye sanduku la mbao au kapu, hufunikwa kwa majani ya mgomba na kugeuzwa kwa siku tano au sita. Hapo ndipo ladha ya chokoleti inapoanza kujengeka, pamoja na harufu ambayo mgeni hawezi kuisahau hata akijitahidi. Kisha huanikwa wiki moja hivi jua likiwa zuri, na Kyela ni miongoni mwa wilaya zenye mvua nyingi kabisa Tanzania, hivyo jua zuri si la kuagizwa. Kilo mbili na nusu hadi tatu za mbegu mbichi huzaa kilo moja kavu. Baada ya hapo kakao hupelekwa kwenye chama cha msingi, huingia ghalani kwa utaratibu wa stakabadhi, husubiri mnada, na mkulima husubiri malipo.

Ipo njia fupi, nayo Kyela huitwa njemke: kuuza kakao ikiwa mbichi kwa mnunuzi anayekuja na fedha taslimu mkononi. Bei yake ni ya kuumiza, na kila muuzaji anajua hivyo. Viongozi wameipiga marufuku njemke tena na tena, na jambo linalopigwa marufuku tena na tena ni jambo linaloendelea. Linaendelea kwa sababu mtoto ameugua, ada inadaiwa, au unga umekwisha. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipita dola 10,000 kwa tani, baada ya magonjwa ya miti na hali mbaya ya hewa kupunguza mavuno ya Ivory Coast na Ghana. Kwa aliyeuza njemke, hiyo ilibaki kuwa habari ya kimataifa.

Sasa mweke mwezeshaji mbele ya kijana huyo, amfundishe kuongeza thamani ya mazao. Kijana atatikisa kichwa kwa heshima. Kuongeza thamani anakujua tangu utotoni, maana ndiye aliyekuwa akitumwa kugeuza mbegu sandukuni. Alichokosa ni mtu wa kumkopesha chakula cha wiki tatu kwa riba ya haki huku kakao yake ikivundika, ikikauka na kusubiri mnada. Wahenga walisema subira yavuta heri. Hawakusema anayeilipia subira hiyo ni nani.

Usipa, samaki wadogo wa ziwani, nao wana hadithi ileile. Huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, na alfajiri mtumbwi unapofika pwani bei hupangwa na aliye na haraka zaidi, ambaye kwa kawaida ni mwenye samaki. Wakianikwa juu ya kichanja cha miti na wavu, hukauka safi bila mchanga na kupata bei nzuri zaidi mjini. Lakini kichanja kinagharimu, na mvua za Machi hadi Mei hazina huruma. Aliye na kichanja na turubai husubiri jua lirudi. Asiye navyo huuza wakiwa wabichi kwa bei atakayopewa, au huwaanika mchangani na kumwomba Mungu.

Hili la muda si la Matema peke yake. Mwaka 2008 serikali ya Uganda iligawa ruzuku kwa vikundi vya vijana wa kaskazini, eneo lililokuwa linatoka vitani. Kikundi kiliandika pendekezo la kujifunza ufundi na kununua vifaa, na kwa kuwa waombaji walizidi fedha, washindi walipatikana kwa bahati nasibu. Kila kijana aliangukiwa na wastani wa dola 382, na hakuna aliyesimama nyuma yake kumkagua. Wachumi Christopher Blattman, Nathan Fiala na Sebastian Martinez waliwafuatilia. Baada ya miaka minne, waliopata ruzuku walikuwa na kipato kikubwa kwa asilimia 38 kuliko wenzao waliokosa. Wengi walikuwa wamelipia mafunzo na kununua zana za ufundi, vyerehani vikiwemo. Wale waliotabiri kwamba vijana wangezinywa fedha zile walibaki na utabiri wao.

Lakini watafiti haohao walirudi baada ya miaka tisa na kukuta pengo la kipato limezibika. Waliokosa ruzuku walikuwa wamejikongoja wakafika palepale, ingawa waliopata bado walikuwa na mali zaidi na wengi wao bado walikuwa mafundi. Mtu anaweza kusema basi ruzuku haikuwa na maana. Mimi naona ilifanya kazi yake halisi, kumvusha mtu miaka kadhaa mbele. Miaka hiyo ni ya ujana, ambapo watu huoa, huzaa na kuanza kusomesha watoto, na kuipitia ukiwa na kipato si jambo dogo. Umaskini wa eneo zima ni kazi nyingine, inayohitaji barabara, umeme na viwanda, na asasi isiyo ya kiserikali isiyokiri hilo inamdanganya mfadhili au inajidanganya yenyewe.

Hapa Tanzania tuna ushahidi wa upande wa pili, yaani hamasa isiyo na mtaji. Mwaka 2011 Femina Hip, asasi inayoheshimika kwa kazi yake na vijana, ilirusha kipindi cha televisheni cha Ruka Juu, ambamo vijana wajasiriamali walishindana. Watafiti kutoka Bergen, Norwei, walilinganisha wanafunzi wa sekondari waliohamasishwa kukitazama na wenzao. Kipindi kilifaulu kuwasha hamu: watazamaji walitamani zaidi kuwa na biashara, na baadhi walizianzisha. Ujuzi wenyewe wa biashara haukuongezeka sana, na matokeo yao shuleni yalishuka. Kijana aliambiwa aruke juu, akaruka, na sehemu ya kutua haikuwa imeandaliwa.

Vilabu vya wasichana vya asasi ya BRAC navyo vinafundisha. Uganda vilipunguza mimba za utotoni na kuongeza idadi ya wasichana wenye shughuli za kipato. Mpango huohuo ulipoletwa Tanzania, tathmini haikuona mabadiliko kwa karibu kila kilichopimwa, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni uhaba wa rasilimali za kuviendesha vilabu. Mtaala ulivuka mpaka salama, fedha za kuuendesha zikapungua.

Wanyakyusa, wenyeji wa wilaya hii, waliwahi kulijibu kwa namna yao swali la nani analipia subira. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha 1951 jinsi wavulana wa miaka kumi au kumi na mmoja walivyotoka kwa baba zao na kujenga vibanda vyao pembeni, kijiji cha rika moja. Waliendelea kula kwa mama zao, wakienda kwa makundi nyumba hadi nyumba. Muda ulipotimia, katika sherehe ya ubusoka, kizazi cha wazee kilikabidhi uongozi na ardhi kwa kizazi kipya. Kijana alisubiri miaka mingi, lakini alisubiri akiwa ameshiba, na mwisho wa kusubiri ulijulikana. Haikuwa pepo. Ng'ombe wa mahari walishikwa na wazee, wazee walioa wake wengi, na vijana wengi walichoka wakaenda kutafuta fedha kwenye dhahabu ya Lupa, Chunya. Leo ardhi ya kukabidhiwa imekuwa finyu na sehemu kubwa imeshapandwa mikakao ya baba. Kusubiri kumebaki, makabidhiano yamepotea.

Serikali imejaribu kuziba nafasi hiyo kwa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, isiyo na riba, iliyowekwa kisheria mwaka 2018. Ilisimamishwa 2023 baada ya ukaguzi kufichua madeni yasiyolipika na vikundi hewa, ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Vikundi hewa, ikumbukwe, ndivyo pekee visivyohitaji semina. Tatizo jingine halikusemwa sana: mkopo ambao marejesho yake hayafuati kalenda ya zao humsukuma mkopaji kwenye njemke ileile, safari hii ili alipe serikali.

Kwa hiyo asasi inayotaka kufanya kazi Matema ifanye nini? Kwanza, ipunguze siku za ukumbini na kuongeza miezi ya baadaye. Mpango wa STRYDE wa TechnoServe, uliofadhiliwa na Mastercard Foundation na kuingia Tanzania katika awamu yake ya pili iliyoanza 2014, ulikuwa na miezi mitatu ya mafunzo na tisa ya kumfuatilia kijana akiwa kazini. Uwiano huo una akili.

Pili, ilipe gharama ya kusubiri waziwazi. Itoe sanduku la kuvundikia, turubai na kichanja, pamoja na mkopo wa chakula unaorejeshwa kakao ikilipwa mnadani na si siku moja kabla. Kwa kijana anayejifunza ufundi, ilipe nauli na mlo wake, na imlipe fundi anayemfundisha, maana fundi asiyelipwa humgeuza mwanafunzi kuwa mbeba vifaa. Akiiva, apelekwe VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwenye urasimishaji wa ujuzi, apate cheti kinachotambulika nje ya ukumbi ule.

Tatu, iache kumlazimisha kila mtu kuwa mjasiriamali. Hospitali ya Kilutheri ya Matema inahitaji watu wa umeme na mabomba. Nyumba za wageni za ufukweni zinahitaji wapishi na wahasibu, na injini za boti zinahitaji mtu wa kuzifungua na, muhimu zaidi, kuzifunga tena zikawaka. Mshahara wa kila mwezi ni aina nyingine ya uwezo wa kusubiri, na kijana anayeutamani asionekane mvivu wa fikra.

Mwisho kuna suala la hesabu. Ripoti za wafadhili hupenda kuhesabu waliohudhuria, kwa sababu wanaohudhuria husaini karatasi. Napendekeza kipimo kigumu kidogo: miaka miwili baada ya mradi kufungwa, wangapi kati ya vijana wale waliuza kakao yao ikiwa kavu na usipa wao wakiwa wamekauka? Idadi hiyo itakuwa ndogo kuliko ya fulana zilizogawiwa, na itamfaa mfadhili anayetaka kujua fedha yake ilinunua nini.