Dawa ya Mama, Hatima ya Mwana

Methali yasema kwamba mwana hutazama kisogo cha nina. Methali hii yamhusu mtoto aliyekwisha kuzaliwa akabebwa mgongoni. Aliye tumboni hana cha kutazama. Yeye hupokea tu, na miongoni mwa anavyovipokea ni dawa azimezazo mamaye. Makala hii inanuia kueleza jinsi dawa hizo zinavyoweza kuathiri ukuaji wa mtoto, na ni kwa nini kauli inayotolewa kuzihusu huweza kuokoa au kuangamiza.

Kiungo kinachomuunganisha mama na mwana ni kondo la nyuma. Zamani wengi walidhani kwamba kondo ni ukuta usiopenyeka. Ukweli ni kwamba kondo ni mfano wa chekeche: chembe kubwa kama za insulini kwa kawaida hazipiti, ilhali chembe ndogo, ambazo ndizo dawa nyingi, hupita. Hata hivyo, kupita si kudhuru. Madhara hutegemea aina ya dawa, kiasi chake na, zaidi ya yote, wakati inapotumiwa. Viungo vingi huumbika baina ya juma la tatu na la nane baada ya mimba kutungwa, muda ambao aghalabu mama hajatambua kuwa ni mjamzito. Ubongo nao huendelea kujengeka hadi mtoto azaliwe na hata baadaye.

Thalidomidi ndiyo iliyoufumbua macho ulimwengu. Dawa hii ya usingizi iliingia sokoni Ujerumani Magharibi mwaka wa 1957, ikasifiwa kuwa salama, na wajawazito wakaitumia kutuliza kichefuchefu. Zaidi ya watoto 10,000 katika nchi mbalimbali walizaliwa na mikono au miguu mifupi mno, au bila viungo hivyo kabisa. Hatari ilikuwa kubwa zaidi baina ya siku ya 20 na ya 36 hivi tangu mimba kutungwa. Mwaka wa 1961, madaktari Widukind Lenz wa Ujerumani na William McBride wa Australia walitoa onyo, na dawa ikaondolewa sokoni Ujerumani mwezi wa Novemba mwaka huo. Nchini Marekani, Frances Kelsey alikuwa amekataa kuiidhinisha kwa kuwa ushahidi wa usalama wake haukumridhisha.

Si madhara yote yanayoonekana kwa macho. Valproeti ni dawa ya kifafa. Takribani mtoto 1 katika kila 10 waliofikiwa nayo tumboni huzaliwa na kasoro kubwa ya maumbile, kama vile mgongo wazi. Aidha, watoto 3 hadi 4 katika kila 10 huweza kuwa na matatizo ya ukuaji wa akili, lugha au mwenendo, ambayo huenda yasibainike hadi mtoto achelewe kusema au ashindwe kufuata masomo. Hata hivyo, mama akiacha dawa ya kifafa ghafla, degedege laweza kumuua yeye na mwanawe. Njia iliyo salama ni kumwona daktari, ikiwezekana kabla ya kushika mimba, ili abadilishiwe dawa hatua kwa hatua.

Kisa cha tatu kimetokea Afrika, nacho chafunza kinyume. Mwezi wa Mei 2018, utafiti nchini Botswana ulidokeza kwamba dolutegraviri, dawa ya kupambana na virusi vya UKIMWI, huenda inasababisha kasoro za ubongo na uti wa mgongo. Dokezo hilo lilitokana na watoto 4 kati ya 426. Nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, ziliwawekea mipaka wanawake wa umri wa kuzaa, ijapokuwa dawa hiyo ilikuwa bora kuliko waliyokuwa wakipewa. Julai mwaka huo, wanawake wa Kiafrika wanaoishi na virusi hivyo walikutana Kigali, wakadai waelezwe ukweli na waachiwe wajiamulie. Kadiri watoto wengi zaidi walivyohesabiwa, ndivyo tofauti ilivyopungua hadi ikatoweka. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa hiyo kwa wote, wanawake wa umri wa kuzaa wakiwemo.

Visa hivi vitatu vyadhihirisha kwamba hatari zipo pande mbili: kumeza bila kujua na kuacha bila kujua. Hapa ndipo taaluma ya Kiswahili inapohusika. Mara nyingi karatasi iliyomo ndani ya pakiti ya dawa huwa kwa Kiingereza, na mama hutegemea sentensi moja anayoambiwa dirishani. Akiambiwa, "Mjamzito asitumie dawa", mwenye kifafa, kisukari au virusi vya UKIMWI ataacha tiba inayomweka hai yeye na mwanawe. Akiambiwa, "Usianze wala usiache dawa yoyote kabla ya kumwuliza mhudumu wa afya", atakuwa amekingwa pande zote mbili. Tofauti ya kauli hizo ni maneno machache tu, lakini uzito wake ni uhai wa watu wawili. Wanaoijua lugha hii barabara wana wajibu wa kuhakikisha kwamba kauli inayomfikia mama ni ile ya pili.