Droo ya chini ya oveni si ya kutandikwa gazeti

Gazeti likishasomwa, kazi yake huwa haijaisha. Sokoni hufungiwa karanga, na nyumbani hutandikwa kabatini ili sufuria zisichafue mbao. Lakini kuna mahali pamoja jikoni ambapo halifai kabisa kutandikwa: kwenye droo iliyo chini ya oveni.

Majiko makubwa yenye oveni huteremshwa katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam, mengine yakipandishwa hadi Kampala, Kigali na Bujumbura. Mara nyingi kijitabu cha maelekezo huwa kwa lugha ya kigeni. Mnunuzi hukiweka kando, akatandika karatasi au plastiki kwenye droo, kisha akapanga trei, mifuniko na hata kiberiti.

Oveni nyingi hupata joto la nyuzi 250 za Selsiasi. Katika majiko mengi ya gesi, moto wa kuokea huwaka chini ya sakafu ya oveni, karibu na droo. Karatasi kavu huweza kuwaka ikifikia nyuzi 230 hivi, na mfuko laini wa plastiki huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 110 hivi. Kwa kawaida droo yenyewe haifiki joto la kuwasha karatasi. Hatari ni kipande kinachoinuka au kuteleza nyuma na kuufikia moto, hasa kikiwa kimelowa mafuta.

Tambua droo yako

Droo hizi si za aina moja. Nyingine ni za kuwekea vyombo tu, nyingine za kuweka chakula kisipoe, na nyingine ni za kuchomea nyama. Jiko likiwa limepoa, ivute droo na uangalie sehemu ya juu yake. Ukiona bomba la moto au waya wa umeme wa kupasha joto, hiyo si stoo. Isitandikwe kitu, na vyombo visikae humo oveni inapowaka.

Kama ni ya vyombo, salama zaidi ni kuiacha bila kutandika. Anayechelea mikwaruzo aweke trei pana ya bati, isiyoziba matundu. Matundu hayo huenda ndiyo yanayoingiza hewa kwenye moto, na moto wa gesi ukikosa hewa hutoa kaboni monoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu.

Cha kuweka na cha kuondoa

Vinavyofaa ni trei za kuokea, sufuria na vikaango vya chuma visivyo na mafuta. Plastiki, miiko ya mbao, vitambaa na viberiti vikae mbali. Makopo ya dawa ya mende nayo yaondolewe, kwani kwa kawaida huandikwa yasipate joto la kuzidi nyuzi 50.

Droo isisukumwe kwa nguvu, maana huweza kuubana mpira wa gesi ulio nyuma. Isafishwe kila wiki, kwa kuwa makombo huita panya, na panya hutafuna mpira. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutulia chini. Mpira hukaguliwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Moshi ukitoka kwenye droo, zima oveni, funga mtungi au swichi kuu, na usiifungue. Usimwage maji. Moto ukikua, toka na wenzako, kisha piga simu: 114 Tanzania, 999 Kenya na Uganda, 112 Rwanda.

Anayewasha oveni si lazima awe ndiye aliyeipanga droo. Dada wa kazi, mgeni au mtoto aliyerudi likizo hajui kilichofichwa humo. Kila mmoja nyumbani azoee jambo moja: kabla ya kuwasha, vuta droo uangalie.