Swichibodi Moja, Wilaya Tano: Simu za Mtandao katika Mkoa wa Simiyu

Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwezi Machi 2012, ulikusanya wilaya zilizokuwa zimezoea kutazama pande tofauti. Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Shinyanga. Busega ilimegwa kutoka Magu, mkoani Mwanza. Na Itilima ikakatwa kutoka Bariadi yenyewe. Makao makuu yakawekwa Bariadi. Tangu hapo karani aliyeko Mwanhuzi, Nyashimo au Lagangabilili, akitaka kuuliza jambo la ofisi, huuliza Bariadi, na upesi wa jibu lake hutegemea barabara au simu. Lami kutoka Bariadi hadi Maswa ina urefu wa takriban kilomita 50, na ile ya kwenda Lamadi hupita kilomita 70. Vijiji vingi, hata hivyo, viko mbali na lami, na wakati wa masika mito ya huko haimngoji msafiri.

Simu ya mkononi imepunguza adha hiyo, hapana shaka. Lakini simu ya mkononi ni ya mtu, si ya ofisi. Mganga akihamishwa huondoka na namba yake, na muuguzi wa zahanati anayeipiga usiku kuomba msaada humwamsha mtu aliyekwisha kuhamia Songea. Ofisi huhitaji namba zake yenyewe: ya mapokezi, ya maabara, ya ghala, ya mhasibu, namba zisizohama hata mwenye kiti akibadilika. Kazi hiyo tangu zamani hufanywa na swichibodi, yaani chombo kinachopokea simu zote za ofisi na kuzigawa kwa namba fupi za ndani, kama 101 au 102.

Swichibodi ya zamani ilikuwa na kikomo kimoja kikubwa, nacho ni waya. Kila namba ya ndani ilihitaji jozi yake ya nyaya za shaba kutoka kwenye chombo hadi mezani. Kuweka namba ya ndani ya Bariadi katika chumba kilichoko Maswa kulimaanisha kukodi jozi ya waya nguzo kwa nguzo, njia nzima, na kuomba kwamba mwizi wa shaba asipite. Simu ya mtandao imeiondoa haja ya waya huo wa pekee. Namna inavyofanya hivyo inafaa kuelezwa kwa utaratibu, kwani ndani yake mna fizikia na hesabu za kidato cha tatu, na vilevile mna mitego.

SAUTI INAPOGEUKA NAMBA

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Katika simu, mtikisiko huo hugeuzwa na maikrofoni kuwa umeme unaopanda na kushuka. Mwaka 1938 mhandisi Mwingereza Alec Reeves, aliyekuwa akifanya kazi Paris, alipata hataza ya wazo ambalo wakati wake halikuwa na vifaa vya kulitekeleza kwa gharama nafuu: umeme huo upimwe mara nyingi kila sekunde, na badala ya kupeleka umeme wenyewe, zipelekwe namba za vipimo. Simu hubeba mitikisiko ya hadi kama hezi 3,400. Kanuni ya upimaji husema kwamba vipimo lazima vizidi mara mbili ya mtikisiko wa juu kabisa, yaani vizidi 6,800 kwa sekunde. Wahandisi walichagua 8,000. Kila kipimo huandikwa kwa biti 8, na 8,000 zikizidishwa kwa 8 hutoa biti 64,000 kwa sekunde. Hicho ndicho kipimo cha sauti ya simu kilichokubaliwa kimataifa mwaka 1972, na hadi leo kinatumika.

Mtandao wa kompyuta haubebi mkondo usiokatika, hubeba pakiti. Kwa hiyo simu hukusanya vipimo vya sehemu 20 za elfu za sekunde, yaani vipimo 160 ambavyo ni baiti 160, huvitia katika bahasha yenye anwani, na kuituma. Kila sekunde huondoka bahasha 50. Jaribio la kwanza la mazungumzo ya namna hiyo lilifanyika Agosti 1974 nchini Marekani, kati ya California na Massachusetts, katika mtandao uliotangulia intaneti. Itifaki yake ilibuniwa na Danny Cohen na wenzake.

Bahasha nayo ina uzito. Anwani na maelezo ya safari huchukua baiti 40, hivyo pakiti nzima ni baiti 200. Zidisha kwa 8, kisha kwa 50: biti 80,000 kwa sekunde, kila upande. Mazungumzo kumi kwa wakati mmoja huhitaji biti 800,000 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Kuna kanuni za kufinya sauti ambazo huishusha kutoka biti 64,000 hadi 8,000. Mwanafunzi asidhani kwamba mzigo wote hupungua mara nane. Sauti iliyofinywa ni baiti 20 kwa pakiti, bahasha inabaki baiti 40, jumla 60. Na hesabu ileile hutoa biti 24,000. Bahasha imekuwa nzito mara mbili ya barua.

Kasi ya laini siyo jambo pekee la kutazamwa. Ucheleweshaji una madhara zaidi. Inapendekezwa kimataifa kwamba sauti isichukue zaidi ya sehemu 150 za elfu za sekunde kutoka kinywa hadi sikio. Katika nyuzi za kioo mwanga husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kilomita 1,000 za mkongo hulipwa kwa sehemu 5 tu za elfu. Setilaiti iliyotulia juu ya ikweta, kimo cha kilomita 35,786, ni habari nyingine: kupanda na kushuka ni zaidi ya kilomita 71,000, yaani karibu robo ya sekunde kabla ya kuhesabu kitu kingine chochote. Watu wawili hukatizana maneno, huomba radhi kwa pamoja, kisha hunyamaza kwa pamoja. Ndiyo sababu kufika kwa nyaya za baharini Dar es Salaam kuanzia mwaka 2009, na ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulioanza mwaka huohuo, vilikuwa na maana kubwa kwa simu kuliko kwa barua pepe.

Tena pakiti hazifiki kwa mwendo sawa. Mikokoteni ya ng'ombe inayoleta pamba mnadani huweza kuondoka kijijini kwa nafasi sawasawa, lakini njiani mmoja hukwama na mwingine huupita. Karani mwenye busara huweka mizigo michache kando ya mzani ili mzani usikae bure. Simu hufanya vivyo hivyo: hushikilia pakiti chache kabla ya kuanza kuzisoma. Akiba ikiwa ndogo sauti hukatikakatika. Ikiwa kubwa huongeza ucheleweshaji.

NAMBA YA NDANI ILIYO MBALI

Katika mfumo huu simu ya mezani ni kompyuta ndogo. Inapowashwa Mwanhuzi huitafuta swichibodi ya Bariadi kwa anwani yake ya mtandao, hujitambulisha kwa namba na neno la siri, na husema, kwa lugha ya itifaki iitwayo SIP, kwamba 105 sasa inapatikana hapa. Swichibodi huandika daftarini. Anayepiga 105 akiwa Bariadi hajui, wala hana haja ya kujua, kwamba kengele inalia wilaya nyingine. Simu hiyo ikichukuliwa hadi Nyashimo na kuchomekwa huko, hujiandikisha upya na kubaki 105.

Hapo ndipo huzuka kasoro inayowasumbua mafundi wengi kuliko nyingine zote: simu inaita, inapokelewa, lakini mmoja anasikia na mwingine hasikii.

Shule ya bweni yenye sanduku moja la posta itaeleza chanzo chake. Wanafunzi mia nane hutumia S.L.P. moja. Ndani ya shule kila mmoja ana anwani yake, bweni la tatu, kitanda cha kumi. Lakini anwani hiyo haina maana yoyote nje ya lango. Mtandao wa ofisi umejengwa hivyo. Ruta ina anwani moja inayojulikana duniani, na vifaa vya ndani vina anwani za nyumbani ambazo maelfu ya ofisi nyingine huzitumia pia. Barua ikitoka, ruta hufuta anwani ya bweni juu ya bahasha, huandika S.L.P., na huweka kumbukumbu ya nani aliyetuma ili jibu limfikie.

Sasa basi, simu ya SIP huandika anwani mahali pawili: juu ya bahasha, na ndani ya barua, pale inaposema "sauti yangu nitumieni hapa." Ruta hurekebisha bahasha na haifungui barua. Swichibodi ya Bariadi husoma ndani, hukuta "bweni la tatu, kitanda cha kumi", na huanza kutuma sauti ya mpigaji kwenye anwani isiyofika popote. Upande wa pili sauti hupita vizuri, kwa kuwa anwani ya Bariadi ni ya kweli. Fundi asiyejua jambo hili hubadilisha simu, kisha waya, kisha humlaumu mtoa huduma.

Dawa ziko kadhaa. Swichibodi huweza kuamriwa kupuuza anwani ya ndani na kujibu pale sauti ilikotoka. Aidha, simu hupaswa kutuma ujumbe mdogo kila baada ya nusu dakika hivi, kwani karani wa ruta hufuta kumbukumbu zisizotumika, na namba ambayo kumbukumbu yake imefutwa huweza kupiga lakini haipigiki. Dawa iliyo safi zaidi ni kujenga mtandao binafsi wa VPN kati ya ofisi mbili, ambamo pakiti zote hufungwa kwa siri na anwani za mabweni hutambulika pande zote. Mwezi Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliwataka watu na kampuni wanaotumia VPN kwa kazi halali kuitaarifu. Ofisi inayojenga njia hiyo inapaswa kuanza na barua kabla ya vifaa.

OFISI MBILI, SWICHIBODI MBILI

Namba za mbali zinafaa ofisi yenye simu mbili au tatu. Penye simu thelathini, ni afadhali kila ofisi iwe na swichibodi yake, kisha swichibodi ziunganishwe. Sababu huonekana siku mkongo unapokatwa na katapila la barabara. Hospitali ambayo simu zake zote zimejiandikisha kwenye swichibodi iliyoko mji mwingine hupoteza hata mazungumzo ya ndani: wodi ya wazazi haiwezi kuita chumba cha upasuaji kilichoko ng'ambo ya ua, ingawa waya kati yao ni mzima, na mama anayevuja damu hungoja mtu akimbie. Yenye swichibodi yake hukosa simu za nje tu. Wauzaji wa mifumo inayokaa mbali hawalitaji jambo hili mara nyingi.

Kuunganisha huanza kwenye karatasi. Bariadi ina 101, na Maswa ina 101 pia. Kila ofisi hupewa tarakimu ya mbele, tuseme 2 kwa Bariadi na 3 kwa Maswa. Anayepiga 3101 akiwa Bariadi, swichibodi yake huiona 3, huitoa, na kukabidhi 101 kwa Maswa kupitia njia kuu. Tarakimu 0 na 1 zisiguswe, maana namba za nje na za dharura huanzia hapo. Kanuni isiyopangwa vizuri huzaa kichekesho: Bariadi hupeleka namba isiyojulikana Maswa, Maswa nayo haiijui na huirudisha Bariadi, na simu moja huzunguka hadi njia zote zijae.

Namba za dharura zidadisiwe peke yake. Simu ya 115, ya mfumo wa m-mama wa kusafirisha wajawazito na watoto wachanga uliopanuliwa nchi nzima kuanzia mwaka 2022, ikipigwa Meatu lakini ikatokea kwenye laini ya Dar es Salaam, huweza kuonekana kana kwamba mpigaji yuko Dar es Salaam. Simu za namna hiyo zitoke kwa laini ya hapohapo zilipopigiwa.

Umeme nao ni suala lake. Simu ya waya wa shaba ililishwa na betri za kituo cha simu. Ya mtandao hufa pamoja na ruta. Betri ya akiba iwekwe kwa swichibodi, kwa ruta na kwa kigawio cha waya. Kusahau kimoja ni kusahau vyote. Kuhusu wezi, hawaji tena na mkasi. Programu zao hugonga kila anwani duniani zikitafuta namba 101 yenye neno la siri 101, na zikiipata hupiga simu za nchi za mbali usiku kucha kwa gharama ya ofisi. Neno la siri refu, na kufunga simu za kimataifa kwa namba zisizozihitaji, huzuia sehemu kubwa ya hasara hiyo.

Shule yenye chumba cha kompyuta inaweza kujaribu haya bila intaneti. Programu ya swichibodi iitwayo Asterisk hutolewa bure. Aliianza Mark Spencer wa Marekani mwaka 1999, kwa kuwa hakuwa na fedha za kununulia kampuni yake changa swichibodi. Kompyuta mbili kuukuu zitoshe kuwa swichibodi, moja iitwe Bariadi na nyingine Maswa, na simu za mkononi nne zitiwe programu ya SIP na kuandikishwa mbili mbili. Wanafunzi wapange tarakimu za mbele, wapige, na walinganishe hesabu ya biti 80,000 na kile kompyuta inachoonyesha. Kisha waya unaounganisha swichibodi hizo mbili uchomolewe, na waandike ni simu zipi zimenyamaza na ni zipi bado zinaita.