Jiwe la Figo Lisitupwe: Leza Yaweza Kutueleza Asili Yake

Mgonjwa aliyekesha kwa maumivu makali ya ubavu hushusha pumzi pale jiwe linapotoka pamoja na mkojo, na mara nyingi hulitupa papo hapo. Hata katika chumba cha upasuaji, jiwe lililotolewa kwa taabu huweza kuishia kwenye ndoo ya taka. Wengi wa wagonjwa hao hurudi baada ya miaka michache wakiwa na jiwe jingine, ilhali lile la kwanza, ambalo lingetuonyesha chanzo cha maradhi, halipo tena.

Mawe ya figo hayafanani. Yaliyo mengi ni ya kalsiamu oksaleti. Mengine ni ya asidi ya yuriki. Yapo pia ya struvaiti, yenye magnesiamu, amonia na fosfeti, ambayo hutokana na maambukizi ya bakteria katika njia ya mkojo. Kuyatambua kwa macho peke yake ni kubahatisha.

Mojawapo ya njia za kuyachunguza ni spektroskopia ya leza. Leza hupiga uso wa jiwe kwa mpigo mfupi mno, wa sehemu chache tu za bilioni za sekunde. Chembe ndogo sana ya jiwe hugeuka plazma, yaani gesi yenye joto la maelfu ya nyuzi. Plazma hiyo inapopoa, kila elementi hutoa mwanga wa rangi zake mahususi: kalsiamu huonekana kwenye nanomita 393 na 397, magnesiamu karibu na 280, na sodiamu kwenye 589. Chombo husoma mwanga huo na kutoa jibu kwa muda mfupi, bila kuhitaji kuyeyusha sampuli kwa kemikali. Gari la utafiti la Curiosity, lililotua kwenye sayari ya Mirihi mwaka 2012, huchunguza miamba kwa mbinu hii hii.

Katika tiba, watafiti wa Chuo Kikuu cha Allahabad nchini India ni miongoni mwa waliopima mawe ya figo kwa njia hiyo. Jiwe likikatwa, leza huweza kupimwa nukta kwa nukta kutoka kiini hadi ganda, na hivyo kuonyesha jinsi lilivyokua tabaka kwa tabaka.

Hata hivyo, mbinu hii ina mipaka. Hutaja elementi, haitaji kampaundi. Magnesiamu na fosforasi zikiwa nyingi, tunashuku struvaiti. Kalsiamu ikikosekana, tunafikiria asidi ya yuriki. Uthibitisho hutolewa na vipimo vingine, hasa spektroskopia ya mwanga wa infraredi. Aidha, leza hii hupiga jiwe lililokwisha kutoka mwilini. Isichanganywe na ile inayovunja mawe ndani ya mgonjwa.

Faida ya kujua aina ya jiwe ni kubwa. Jiwe la asidi ya yuriki huweza kuyeyushwa kwa dawa za kupunguza asidi ya mkojo, pasipo kisu. Jiwe la struvaiti sharti liondolewe lote na maambukizi yatibiwe, la sivyo hukua upya. Mwenye jiwe la kalsiamu oksaleti hupunguza chumvi, lakini haachi maziwa wala dagaa: kalsiamu ya chakula hunasa oksaleti tumboni kabla haijafika kwenye figo.

Kwa hiyo, ndugu mgonjwa, ukishauriwa kusubiri jiwe litoke, chuja mkojo kwa kitambaa safi au chujio. Ukilipata, lisuuze kwa maji, likaushe, liweke katika chupa kavu na ulilete kliniki. Kunywa maji ya kutosha mkojo uwe mweupe, isipokuwa kama daktari amekuwekea kiwango kwa sababu ya moyo au figo.

Nanyi wahudumu wenzangu, jiwe lisiwekwe kwenye fomalini, kwani huweza kubadili madini yake. Andikeni jina la mgonjwa na tarehe, kisha mlipeleke maabara. Hata pasipo leza, jiwe lililohifadhiwa vizuri bado laweza kupimwa; lililotupwa haliwezi.