Bibi Aliyejitafutia Mume

Kaa na wazee wa Mbebe, kule Ileje, uwaombe wakupangie ukoo. Wanaume watatajwa mmoja baada ya mwingine, vizazi vitano, sita. Uliza mama yao alikuwa nani, utaambiwa, "Huyo alitoka ng'ambo." Ng'ambo ya mto Songwe, yaani. Hapo uzi unakatika.

Nadhani haukatiki, tunauvuta kwa ncha isiyo yake. Tunamtafuta bibi kwa jina la baba yake, ilhali maisha yake yaliamuliwa na swali jingine: nani alimpokea?

Mtazame Narwimba. Aliishi karne ya 19 katika ukanda huu wa kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na habari zake ziliandikwa na Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Moravian aliyekaa Utengule, Usafwa. Baadaye mwanahistoria Mmarekani, Marcia Wright, alizichambua, na mwaka 1993 akazitoa kitabuni pamoja na za wanawake wenzake.

Mumewe alipofariki, Narwimba alimwendea mwenyewe Mirambo, jamaa wa marehemu (si yule mtemi wa Unyamwezi), akamwomba amwoe ili apate ulinzi. Msomaji wa leo atakunja uso. Lakini siku hizo misafara ya watumwa ilikuwa ikipita, na Karonga, si mbali na hapa, mfanyabiashara Mlozi alitamba hadi aliponyongwa mwaka 1895. Mjane asiye na wa kumsemea aliweza kutekwa njiani, au kutolewa na watu wa kwao ili kesi ya ukoo iishe. Kwa hiyo ombi lile lilikuwa hesabu, tena hesabu kali: abaki ndani ya ukoo ule ule, karibu na wanawe, chini ya mtu mwenye nguvu ya kumkomboa.

Mwenzake mmoja kitabuni anaitwa Chisi-Ndjurisiye-Sichyajunga. Majina matatu, mtu mmoja! Anayemsaka kwa moja tu atampita mlangoni.

Kisha mambo mawili yakaongeza ukungu. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mpaka, Songwe ukawa ukingo wa dola mbili, na shangazi na mpwa wakajikuta nchi tofauti. Mwaka 1899 Wamoravian wakafungua kituo Mbozi. Aliyebatizwa alipewa jina jipya, na hilo ndilo wajukuu walilolishika.

Basi ukirudi kwa wazee, liache swali la "alitoka wapi". Uliza alifikia nyumba ya nani, ng'ombe wa mahari yake walipokewa na nani, na alipobaki mjane alikwenda kwa nani. Barazani huenda wakatazamana kimya. Anayejua mara nyingi ni shangazi, naye yuko jikoni anasonga ugali, hakuna aliyemwita.