Dawa za homoni kwa saratani ya tezi dume: kwa nini sindano iendelee wakati maumivu yameisha

Baada ya kipindi chetu cha afya kuhusu tezi dume, meseji nyingi zilizotufikia zilikuwa na swali moja. Mama mmoja aliliuliza hivi: "Mzee wangu alikuwa halali kwa maumivu ya mgongo. Alipoanza sindano za homoni maumivu yakaisha, sasa analima. Kwa nini tuendelee kutafuta nauli na pesa ya sindano kila baada ya miezi mitatu?"

Ni swali la haki, maana nauli ni pesa na dawa ni pesa. Ili kulijibu, tuangalie kwanza dawa hizi zinafanya nini mwilini.

Saratani inayolishwa na homoni

Tezi dume ipo chini ya kibofu cha mkojo, imeuzunguka mrija wa mkojo. Hukua na kufanya kazi kwa kutegemea homoni ya kiume iitwayo testosteroni. Seli za tezi hiyo zikigeuka kuwa saratani, nyingi hubaki na tabia ileile: zikipata testosteroni zinazaliana, zikikosa zinasinyaa. Hata zikisafiri hadi kwenye mifupa ya mgongo au nyonga, zinaendelea kuitegemea.

Jambo hili lilithibitishwa mwaka 1941 mjini Chicago, Marekani. Daktari Charles Huggins na mwenzake Clarence Hodges walionyesha kwamba wagonjwa ambao saratani yao ilikuwa imeenea walipata nafuu baada ya kuondolewa korodani au kupewa homoni ya kike. Mwaka 1966 Huggins alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Njia ya kwanza: kukata homoni inakotoka

Sehemu kubwa ya testosteroni hutengenezwa kwenye korodani, lakini amri hutoka kichwani. Ubongo huiamsha tezi ndogo iliyo chini yake, iitwayo pituitari, nayo huziamuru korodani zifanye kazi.

Upasuaji wa kuondoa korodani hukata homoni hiyo mara moja, na bado unafanyika hadi leo. Wasiotaka upasuaji hupewa sindano kama goserelini au leuprorelini. Sindano hizi huigonga pituitari mfululizo bila kupumzika. Ni kama mtu anayegongewa mlango usiku kucha: mwanzoni anaitika haraka, mwishowe anachoka na haitiki tena. Pituitari ikinyamaza, korodani nazo husimama. Kwa kawaida testosteroni hushuka sana ndani ya wiki tatu hadi nne.

Huko kuitika kwa mwanzo kuna hatari yake. Katika wiki ya kwanza au ya pili homoni hupanda kabla ya kushuka, na maumivu yanaweza kuongezeka. Ndiyo maana daktari huweza kumwanzishia mgonjwa vidonge kabla ya sindano ya kwanza. Miguu ikianza kuishiwa nguvu au mkojo ukigoma kutoka, msisubiri kesho. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Njia ya pili: kuziba kitasa

Testosteroni hufanya kazi kama ufunguo, na ndani ya seli kuna kitasa chake. Vidonge kama bikalutamidi na enzalutamidi huziba tundu la kitasa hicho, hivyo hata homoni ikiwepo haifungui kitu.

Dawa nyingine ni abirateroni. Testosteroni kidogo hutokana na tezi zilizo juu ya figo, na seli za saratani zenyewe zinaweza kujifunza kujitengenezea. Abirateroni huzuia utengenezaji huo kote. Humezwa tumbo likiwa tupu, pamoja na dawa ya steroidi kama predinisoloni.

Kwa nini asiache?

Wakulima mnajua: kiangazi kikikolea, nyasi hukauka shamba zima likaonekana safi. Lakini mizizi iko chini. Mvua moja tu, nyasi zinachipua.

Saratani iliyokwisha kuenea nayo iko hivyo. Dawa za homoni huleta kiangazi. Seli nyingi hufa au kulala, maumivu hupungua, na kipimo cha damu cha PSA hushuka. Lakini baadhi ya seli hubaki. Nguvu ya sindano ikiisha bila kuchomwa nyingine, testosteroni inaweza kurudi, na hiyo ndiyo mvua. Mzee anayelima leo analima kwa sababu ya sindano, hajapona.

Wapo wanaopewa dawa hizi kwa muda maalumu, kwa mfano pamoja na mionzi, na wapo wanaopumzishwa huku PSA ikifuatiliwa. Huo ni mpango wa daktari. Kuacha kimyakimya nyumbani ni jambo lingine.

Madhara yanayofichwa

Baadhi ya wazee huacha dawa si kwa sababu ya pesa. Testosteroni ikishuka, hamu ya tendo la ndoa na nguvu za kiume hupungua. Joto hupanda ghafla na jasho kutoka, matiti huweza kuvimba, misuli hupungua, mwili hunenepa na mifupa hudhoofika. Mwenye kisukari au presha anahitaji uangalizi zaidi.

Haya yasimfanye mtu aone aibu. Daktari aambiwe, maana mengi yana msaada. Kutembea na kufanya kazi za mikono kwa kiasi husaidia misuli na mifupa. Mke naye aelezwe mapema, asije akadhani mumewe amebadilika moyo.

La kukumbuka

Andikeni tarehe ya sindano inayofuata ukutani au kwenye simu. Pesa ikikosekana, rudini hospitali kabla ya tarehe kupita na mwombe kuonana na ofisa ustawi wa jamii. Mwulizeni daktari pia kuhusu upasuaji, kwa kuwa hufanyika mara moja na hauhitaji sindano za kurudia. Na PSA ikianza kupanda wakati mgonjwa anachomwa sindano kama kawaida, ni ishara kwamba seli zimepata njia nyingine. Hapo daktari ataangalia kama dawa kama abirateroni au enzalutamidi inamfaa.

Mama uliyetuuliza, jibu letu ni hili: msiiache sindano kabla ya kuzungumza na daktari wake. Wenye maswali zaidi endeleeni kututumia meseji, tutayapeleka kwa daktari katika kipindi kijacho.