Mlango wa mashua hufungwa bahari ikiwa shwari

Ndugu msikilizaji, pengine umewahi kuziona bandarini mashua za matanga za wasafiri, zile zenye chumba cha kulala chini ya sitaha. Mlango wa chumba hicho hushinda wazi, na si ajabu, maana joto la pwani unalijua. Leo nataka tuuzungumzie mlango huo. Ni kitu kidogo, lakini umewahi kuwatia watu mashakani.

Mwezi Agosti 1979, mashua 303 zilitweka matanga kutoka Cowes, Uingereza, kwenda kuuzunguka mwamba wa Fastnet, kusini mwa Ireland. Dhoruba kali ikazikuta njiani. Zilizomaliza mashindano ni 85 tu. Washindani 15 walipoteza maisha, mashua 24 zilikimbiwa na mabaharia wake, na 5 zikapotea. Uchunguzi uliofuata ulitaja sababu nyingi. Mojawapo ilikuwa hii: mbao za mlango zilichomoka, maji yakaingia.

Mlango wenyewe kwa kawaida hauna bawaba. Ni mbao mbili au tatu zinazoteremshwa kutoka juu, moja juu ya nyingine, ndani ya mifuo iliyo kwenye miimo. Juu yake hupita kifuniko cha kusukuma. Kinachozishika mbao hizo ni uzito wake zenyewe. Mashua ikiwa wima, hilo latosha. Lakini wimbi likiipindua, juu hugeuka kuwa chini, na mbao huteleza zikaenda na maji. Pale ambapo uwazi ni mpana juu na mwembamba chini, hali ni mbaya zaidi, kwani ubao ukiinuka kidogo tu umekwisha kutoka.

Mashua ya aina hii ina uzito mkubwa wa risasi au chuma chini ya tumbo lake. Huo ndio unaoirudisha wima inapopinduka. Lakini kumbuka kwamba lita 1,000 za maji ya bahari zina uzito wa zaidi ya tani moja. Mashua iliyokwisha kunywa maji kiasi hicho huinuka kwa shida, na wimbi la pili huikuta hoi.

Dawa yake si ghali. Kwanza, kila ubao ufungwe kwa kamba fupi iliyokazwa ndani ya mashua, ili hata ukitoka usipotee. Pili, ubao na kifuniko viwe na komeo la kuvizuia visitoke hata mashua ikiwa miguu juu. Tatu, mbao za chini ziwekwe mapema, kabla upepo haujachafuka. Mtu anayetaka kuingia au kutoka asubiri wimbi lipite, apite upesi, afunge nyuma yake.

Wapo watakaosema: basi tutie kufuli kwa nje, mambo yaishe. La hasha! Aliye ndani atatokaje moto ukiwaka au mashua ikianza kuzama? Na komeo la ndani peke yake humfungia nje mwenzake aliye kwenye usukani. Komeo la kweli hufunguka kutoka pande zote mbili. Kanuni za usalama za mashindano ya bahari kuu zinadai hivyo hivyo: mlango uzuie maji, lakini usimzuie mtu.

Jambo hili lisisubiri dhoruba. Nahodha alijaribu siku bahari imetulia, tena gizani, kila baharia ashike komeo kwa mkono wake mwenyewe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Baharini, ndugu msikilizaji, nafasi ya kuujenga huo ukuta huipati.